Kikosi cha Raga Husomwa kwa Nafasi, si kwa Majina

Kikosi cha taifa kikitangazwa, mjadala Nakuru huanza pale pale: kwa nini fulani wa klabu ya Oilers ameachwa, kwa nini wa klabu ya Kabras wamejaa hivyo, kwa nini Kisumu haina hata mtu mmoja. Ni mjadala mtamu na sina nia ya kuuzima. Lakini ukitaka kujua kama kocha amefanya kazi yake, weka majina kando kwanza uhesabu nafasi. Anza na jezi nambari 1, 2 na 3, yaani propu wa kushoto, huka na propu wa kulia, mstari wa mbele wa skramu, ule msukumano wa mafowadi wanane kwa wanane. Ukiridhika hapo, nenda kwa 9 na 10, skramu-hafu anayeutoa mpira nyuma ya skramu na flai-hafu anayeongoza mashambulizi. Mawinga na mafulbeki, ambao ndio tunaowapigia kelele, waje mwisho.

Kombe la Dunia la 2019 kule Japani kila timu ilipewa nafasi 31. Ufaransa 2023 zikawa 33. Nafasi mbili si nyingi, ila waliokuwa Japani wanajua zilikosekana wapi. Uingereza ilienda na skramu-hafu wawili tu, Ben Youngs na Willi Heinz. Heinz akaumia msuli wa nyuma ya paja kwenye nusu fainali dhidi ya New Zealand. Fainali ilikuwa wiki moja mbele. Ben Spencer akapandishwa ndege kutoka nyumbani, akafika, akafanya mazoezi siku chache na wenzake, akawekwa benchi la fainali na akaingia uwanjani. Mechi yake ya kwanza katika Kombe la Dunia ikawa fainali yenyewe. Halikuwa kosa lake kwamba Uingereza ilifungwa na Afrika Kusini siku hiyo, lakini hakuna kocha anayependa kufika huko.

Sasa tugawe hao 33. Mgawanyo wa kawaida ni mafowadi 19 na mabeki 14, au 18 kwa 15. Kwenye 19: mahuka watatu, mapropu sita, maloku wanne, na sita wa safu ya nyuma ya skramu, yaani maflanka na nambari nane. Kwenye 14: skramu-hafu watatu, flai-hafu wawili, masenta wanne, na watano wa kugawana winga na fulbeki. Flai-hafu wa tatu kwa kawaida ni senta au fulbeki anayeweza kupiga mateke. Kocha akikwambia ana flai-hafu wawili tu, muulize huyo wa tatu amejificha wapi. Lazima yupo.

Mbona mbele kunakula watu tisa? Sheria ya 3 ya raga, ile ya idadi ya wachezaji, ndiyo inayobana. Timu ikiandika wachezaji 23 wa siku ya mechi, lazima sita kati yao wawe wamefunzwa kucheza mstari wa mbele, ili propu wa kushoto, huka au propu wa kulia akitoka, kila mmoja awe na mtu wa kushika nafasi yake na skramu iendelee kusukumana. Neno lenye uzito hapo ni kufunzwa. Nambari 1 ana upande mmoja wa kichwa ulio wazi. Nambari 3 kichwa chake kimebanwa katikati ya huka na propu wa upinzani, na uzito wa pande zote mbili unamwangukia shingoni na mabegani. Mtu aliyezoea upande mmoja hahamishwi upande wa pili Jumamosi asubuhi kwa sababu tu ana kilo 120. Huka naye anarusha mpira wa laini-auti, ule wa kuurudisha uwanjani ukitoka pembeni, kazi ambayo haijifunzwi kwa wiki moja.

Sheria hiyo hiyo inagusa klabu zetu, na hapa ndipo makocha wengi wa ligi za chini hukwama. Ukiwa na wachezaji 15 au chini yake, unahitaji watatu wa mstari wa mbele. Wakiwa 16 hadi 18, wanne. Wakiwa 19 hadi 22, watano. Wakifika 23, sita. Basi likiondoka Kisumu kwenda mechi ya ugenini Eldoret na watu 20 ndani, hesabu watano wa mbele kabla dereva hajawasha injini. Usihesabu mtu kwa sababu ya unene.

Wakikosekana, refa anaamuru skramu zisizo na msukumano. Wengi hudhani hiyo ni nafuu kwa timu dhaifu. Katika mechi ya wachezaji 23, yule aliyesababisha skramu zigeuzwe haruhusiwi kujazwa nafasi yake. Tena skramu hiyo isiyo na msukumano bado inataka watu wanane kila upande, kwa hiyo pengo linahamia kwa mabeki, mahali ambapo mpinzani analiona mara moja. Italia ilionja hayo Dublin tarehe 27 Februari 2022. Huka Gianmarco Lucchesi aliumia mapema. Aliyeingia badala yake, Hame Faiva, akapewa kadi nyekundu kwa kumkaba mtu juu dakika ya 19. Huka mwingine hakukuwa. Italia wakajikuta 13 uwanjani zaidi ya saa nzima: mmoja kwa kadi, mmoja kwa sheria ya skramu. Ireland ikashinda 57 kwa 6. Baada ya mechi ile watu wengi walilalamika kwamba sheria ni katili. Mimi naona iko sawa. Isingekuwepo, timu inayosagwa kwenye skramu ingekuwa na propu anayeshika mgongo kila dakika ya 50.

Turudi kwa majeruhi wa kati ya mashindano. Kanuni kubwa ya Kombe la Dunia ni fupi: mchezaji akiondolewa kikosini kwa jeraha na nafasi yake ikachukuliwa na mwingine, harudi tena katika mashindano hayo. Akitoka ametoka, hata kama baada ya wiki mbili anakimbia kama swala. Kwa hiyo swali analojiuliza kocha usiku ule, daktari akishamwonyesha picha za mashine, ni kama inafaa kuishi na pengo hadi apone au kumfungia mlango na kuleta mtu asiye na jeraha. Swali la kwamba ni mchezaji mzuri kiasi gani halimsaidii hapo.

Hesabu yake ni ya tarehe. Mashindano ya 2023 yalichukua wiki saba, kuanzia 8 Septemba hadi 28 Oktoba. Msuli wa nyuma ya paja ukivutika kidogo, kwa kawaida ni wiki mbili au tatu; akiumia mechi ya kwanza unamweka, utamwona kabla ya robo fainali. Ukichanika zaidi, mwezi na kitu, hapo unaanza kupima kama timu yako ni ya kufika nusu fainali au ni ya kurudi nyumbani baada ya makundi. Kano ya mbele ya goti ikikatika hakuna cha kupima, ni miezi tisa hivi. Mtikisiko wa ubongo ndio unaosumbua kwa sababu hauna tarehe. Unaweza kwisha kwa siku kumi na mbili, unaweza kumfuata mtu hadi Krismasi.

Ufaransa na Antoine Dupont ni mfano wa kumngoja. Alivunjika mfupa wa uso dhidi ya Namibia, Marseille, 21 Septemba 2023. Akafanyiwa upasuaji, akabaki kikosini, na tarehe 15 Oktoba akaanza robo fainali dhidi ya Afrika Kusini. Siku 24. Ufaransa waliweza kumngoja kwa sababu walikuwa na skramu-hafu watatu tangu mwanzo: Maxime Lucu na Baptiste Couilloud walibaki wakiwa wazima. Wangekuwa wawili kama Uingereza ya 2019, kumngoja Dupont kungemaanisha kucheza na mtu mmoja wa nambari 9 na kuomba Mungu. Walifungwa 29 kwa 28, lakini si kwa sababu ya uamuzi huo.

Afrika Kusini mwaka huo huo walifanya jambo ambalo bado linabishaniwa. Huka wao Malcolm Marx aliumia goti mazoezini baada ya mechi ya kwanza, na jeraha lilikuwa la kumaliza mashindano. Kila mtu akatarajia huka. Wakamwita Handré Pollard, flai-hafu, ambaye alikuwa ameachwa nje ya 33 kwa sababu ya jeraha la msuli wa mguu. Kanuni haisemi huka abadilishwe na huka. Inasema mtu kwa mtu. Mkurugenzi wa raga Rassie Erasmus na kocha Jacques Nienaber waliangalia kikosi kizima na kuona kwamba shimo kubwa zaidi halikuwa pale Marx alipotoka, lilikuwa kwenye mateke ya penalti.

Gharama yake ilikuwa kubakiwa na huka mmoja wa kweli, Bongi Mbonambi. Nyuma yake alikuwa Deon Fourie, flanka aliyewahi kucheza huka sehemu kubwa ya maisha yake ya klabu, na Marco van Staden aliyekuwa akifundishwa kazi hiyo kwa dharura. Nusu fainali dhidi ya Uingereza, Pollard akaingia kutoka benchi na kupiga penalti ya mbali dakika za mwisho, 16 kwa 15. Fainali ikaja na bili. Mbonambi aliumia goti dakika za mwanzo kabisa, na Fourie, mwenye miaka 37, akacheza huka karibu mechi nzima dhidi ya New Zealand. Laini-auti za Afrika Kusini zilitetereka, kila aliyeitazama aliona. Wakashinda 12 kwa 11, na pointi zote 12 ni penalti nne za Pollard. Benchi lao siku ile lilikuwa na mafowadi saba na beki mmoja tu, Willie le Roux. Yaani walicheza kamari juu ya kamari.

Wapo makocha wa huku waliochukua somo lisilo sahihi hapo, kwamba mchezaji bora aliyebaki nje aletwe tu, nafasi itajipanga. Fourie hakujipanga. Alikuwa na miaka ya kurusha laini-auti na kukaa katikati ya skramu kabla hajawahi kuitwa na taifa. Ukiwa na flanka wa aina hiyo pale Kakamega, fanya kamari. Kama huna, leta huka.

Mnyororo mwingine unaofaa kukumbukwa ni wa New Zealand 2011. Dan Carter aliumia kinena akipiga mateke ya mazoezi siku moja kabla ya kucheza na Kanada. Si mechi, mateke ya mazoezi. Colin Slade akachukua nafasi, akaumia robo fainali dhidi ya Argentina. Aaron Cruden, aliyekuwa ameitwa kumrithi Carter, akacheza nusu fainali, kisha akaumia goti katikati ya fainali. Aliyeingia ni Stephen Donald, mtu ambaye wiki chache kabla alikuwa akivua samaki mtoni kwao bila kutarajia simu ya kocha. Jezi ilimbana, tumbo likaonekana, watu wakacheka. Akapiga penalti iliyowapa ushindi wa 8 kwa 7 dhidi ya Ufaransa. Watu husimulia hadithi hiyo kama bahati. Kilichomwokoa ni kwamba alikuwa ameshaichezea timu hiyo miaka iliyotangulia. Aliyajua maneno ya siri ya laini-auti, alijua nani anaita mpira na kutoka upande gani. Flai-hafu mgeni kabisa angeingia fainali ile akiuliza maswali.

Kazi ya kuita mbadala yenyewe si simu moja. Uwanjani kwanza: mtu anayetoka damu ana dakika 15 za kuzuiwa damu hiyo, akizidi hapo harudi. Anayeshukiwa kugongwa kichwa anachunguzwa chumbani kwa dakika 12. Akionyesha dalili za wazi, kama kuyumba au kuzimia, hachunguzwi hata kidogo, ameshamaliza. Anachunguzwa tena ndani ya saa tatu baada ya mechi na tena akishalala usiku mbili. Ndiyo maana mara nyingi taarifa ya mbadala haitoki Jumamosi usiku. Inatoka Jumatatu au Jumanne.

Upande wa pili, huyo anayengoja nyumbani awe tayari kweli. Pasipoti isiyokaribia kuisha. Ustahiki wake uwe umekaguliwa mapema: kuzaliwa nchini, au mzazi ama babu au bibi kuzaliwa nchini, au kusajiliwa na chama cha raga cha nchi hiyo pekee miezi 60 mfululizo, au kuishi huko miaka kumi kwa jumla. Klabu yake iwe inajua kwamba Kanuni ya 9 ya World Rugby inailazimu kumwachilia katika kipindi cha mashindano. Na dawa. Hili hukamata watu wasiotarajia. Mchezaji yuko nyumbani Nakuru, amepata mafua ya baridi ya Julai, anaingia duka la dawa na kununua vidonge vyenye pseudoephedrine, ambayo hupigwa marufuku siku za mashindano ikizidi kiwango fulani kwenye mkojo. Au daktari amempa prednisolone ya kumeza kwa pumu au mzio. Nayo imekatazwa siku za mashindano bila kibali. Anayengoja simu aishi kama aliye kambini, na kila dawa aionyeshe daktari wa timu kabla ya kuimeza.

Kwetu shida kubwa zaidi ni kwamba orodha ya wanaongoja ni fupi. Simbas, timu ya taifa ya Kenya, walipoenda Marseille Novemba 2018 kutafuta nafasi ya mwisho ya Kombe la Dunia, walicheza na Kanada, Ujerumani na Hong Kong ndani ya wiki mbili hivi na kupoteza zote: 65 kwa 19, 43 kwa 6, 42 kwa 17. Ratiba ya namna hiyo inakula mapropu. Mchezaji wa 24 hadi wa 30 wa timu ndiye anayeamua mechi ya tatu, na huyo hatengenezwi kambini. Anatengenezwa kwenye ligi, akicheza dakika 80 za skramu nzito kila wikendi, na ndiyo sababu napenda kuona Kabras, Oilers, Nakuru RFC na vijana wa chuo cha Masinde Muliro wakisukumana kweli badala ya refa kuwaonea huruma.

Zimbabwe ndiyo iliyochukua tiketi ya Afrika ya Kombe la Dunia la 2027, Kampala, Julai 2025, ikiifunga Namibia 30 kwa 28. Mashindano yakiwa Kampala kuna jambo dogo ambalo wapangaji hulisahau: propu anayeishi Kisumu au Kakamega yuko karibu kuliko wa Nairobi. Anapanda basi, anavuka Busia kwa kitambulisho cha taifa tu, na jioni yuko hotelini na timu. Mechi za mtoano zikifuatana kwa siku chache, saa hizo ni mali. Kwa mashindano ya Uganda ningeweka angalau propu mmoja na huka mmoja wa magharibi kwenye orodha ya wanaongoja, hata kama ni wa nne kwa ubora.

Raga ya wachezaji saba ina hesabu yake. Wako saba uwanjani na watano benchi, mechi tano au sita kwa siku mbili, na dakika saba kila kipindi zinazochoma mapafu. Hapa mstari wa mbele ni watu watatu na skramu ni nyepesi, kwa hiyo anayekosekana vibaya ni mwingine: anayeruka kugombea mpira wa kuanzisha. Timu ikiwa na mmoja tu wa kazi hiyo na akapindika kifundo cha mguu Jumamosi asubuhi, Jumapili itakuwa ikifunga trai na kutouona mpira tena kwa dakika mbili. Kati ya hao 12, watatu wawe wanaruka, wawili wawe wanapiga mateke ya kuanzisha ambayo yanakaa hewani vya kutosha, na wawili wawe wanaweza kukaa katikati ya skramu. Mtu mmoja anaweza kubeba kazi mbili. Mwenye kasi tupu asiye na kazi ya pili ni anasa. Mchukue mmoja, usichukue watatu.

Na kichwa kikigongwa Prinsloo, mashindano ya wachezaji saba pale NAC, Nakuru, usidanganywe na dakika 12 za kwenye runinga. Ule ni utaratibu wa mechi zenye madaktari na kamera. Kwa raga ya klabu, mwongozo wa World Rugby ni kumtoa mara moja, asirudi siku hiyo, na asicheze mechi kabla ya siku ya 21, nayo ni kama amekaa siku 14 bila dalili yoyote. Legi za sakiti ya taifa ya wachezaji saba zikifuatana kwa karibu, aliyegongwa Nakuru asionekane Dala, legi ya Kisumu pale Mamboleo, hata akiapa kwamba kichwa hakimuumi. Meneja alifute jina lake kwenye karatasi Jumapili hiyo hiyo na kuanza kumtafuta mwingine anayejua kuruka.